Jibu la Swali la Nne

Swali la nne halikuwa na jibu, na mtoto mmoja tu ndiye aliyelijibu.

Wenzake wote waliofanya mtihani ule wa mchujo walikuwa wameliacha wazi, au wamebahatisha, au wamechora maua pembeni ili muda upite. Swali lenyewe lilikuwa na mchoro: mraba, ndani yake duara linalogusa pande zote nne, na kwenye kona ya chini, pale ambapo duara halifiki, mstatili mdogo uliobanwa hivi kwamba ncha yake ya ndani inaligusa duara. Tafuta nusu kipenyo cha duara. Mstatili una upande mfupi na upande mrefu, na bila kuzijua pande zote mbili mtu hafiki popote. Aliyechapa karatasi aliandika upande mfupi, sentimita mbili. Ule mrefu akausahau.

Binti wa mwalimu wa hesabu hakuona tatizo. Aliandika kwa mwandiko wake wa kulala, "Upande mrefu umesahauliwa kwenye karatasi. Ni sentimita nne," kisha akashuka na hesabu yake taratibu hadi chini: nusu kipenyo ni sentimita kumi. Hata akaongeza kwamba hesabu inatoa na jibu la pili, mbili, lakini hilo halifai, kwa sababu mraba wenyewe ungekuwa mdogo mno na mstatili usingekuwa wa kukaa konani tena. Aliyaandika hayo kwa moyo mweupe, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake kwamba kifungo chake cha shati kimefunguka.

Baba yake, kwa kuwa ni mzazi, alikuwa amezuiwa kusahihisha. Kazi hiyo aliachiwa mwalimu wa taaluma, mama mmoja mwenye subira aliyefundisha historia, na ambaye hesabu zilimpa kizunguzungu tangu akiwa na madaftari ya mistari mipana. Alisahihisha kwa kufuata majibu yaliyofungwa kwenye bahasha. Majibu yalisema kumi, mtoto amesema kumi, akaweka alama ya vema na kuendelea. Alipomaliza rundo zima na kuona swali hilo limewashinda wote isipokuwa mmoja, ndipo alipoirudia karatasi ile na kuyasoma maneno yaliyotangulia. Umesahauliwa. Ni sentimita nne. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Haikuhitaji elimu kubwa ya hesabu kujiuliza mtoto huyu aliijuaje hiyo nne.

Mchujo ule ulikuwa wa nafasi moja. Kila mwaka shule ilipeleka mtoto mmoja kwenye shule ya bweni ya sayansi, akasome bila mzazi kutoa chochote, na wazazi waliokuwa na watoto wenye akili walianza kuilalia njaa nafasi hiyo tangu watoto wakiwa hawajui kufunga viatu. Mwaka huu kila mtu alijua ni nani angekwenda. Hata waliomwonea kijicho walijua.

*

Baba yake, wanafunzi walimwita Mwalimu Kompasi, kwa sababu ya kompasi kubwa ya mbao aliyoikumbatia kwapani kutoka darasa hadi darasa kama mtu aliyepewa mtoto wa kushika. Alikuwa mwalimu hodari, wala hilo halina ubishi. Alikuwa pia mwoga, ila hilo lilikuwa bado halijapata nafasi ya kujulikana.

Waliishi kwenye nyumba ya shule, vyumba viwili na jiko nyuma ya karakana. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishona sare za wanafunzi chumba cha mbele, na meza yake, mikasi yake na vitambaa vyake vilikuwa vimeimeza nusu ya nyumba. Nusu iliyobaki ilikuwa ya baba na binti. Kila jioni baada ya kula, binti akiosha vyombo, baba alichukua chaki na kuchora swali nyuma ya mlango wa jiko. Hayo ndiyo yalikuwa maswali atakayowapa wanafunzi wake, na aliyaonja kwa binti yake kama mpishi anavyoonja mchuzi. Binti akipata jibu kabla ya kufika kwenye sufuria la mwisho, swali lilikuwa jepesi, linafutwa. Akimaliza vyombo vyote, akavifuta, akavipanga, na bado amekodoa macho mlangoni, lilikuwa gumu mno kwa darasa. Yaliyofaa ni yale yaliyopatikana katikati, mikono ikiwa bado na povu. Kutoka kwenye cherehani mama aliwasikia wakibishana na kuchekana, baba akimwita Profesa, na alijisikia raha, ingawa hakuelewa hata neno. Kwake yeye yote yale yalikuwa maduara tu.

Lile la duara ndani ya mraba liliwachukua jioni kadhaa. Binti alilipata siku ambayo alikuwa anasugua sufuria lililoungua. Aliacha kusugua, akaenda mlangoni na mikono inayochuruzika, akachora mstari kutoka kitovu cha duara hadi kwenye ile ncha, na pembetatu ikajitokeza yenyewe, imekaa pale muda wote bila mtu kuiona. Baba yake alifurahi hadi akamwita mkewe aje aone. Mkewe akaja na sindano mdomoni, akatazama, akasema ni nzuri, akarudi kazini. Wiki hiyohiyo Mwalimu Mkuu aliomba rundo la maswali magumu ya kuweka akiba, na Mwalimu Kompasi akalitia swali lile rundoni kwa fahari. Wakati huo hakuna aliyekuwa anawaza mchujo.

Asubuhi ya mtihani aliiona karatasi mikononi mwa msimamizi, akalitambua swali lake. Hapo ndipo angesema. Neno moja lilitosha: hili mwanangu analijua, liondoeni. Alijiambia kwamba binti angelipata tu hata kama hajawahi kuliona, jambo ambalo lilikuwa kweli, na akajiambia kwamba kusema sasa kungewavuruga watoto, jambo ambalo halikuwa kweli. Akanyamaza. Wala hakugundua kwamba namba moja haikuwepo. Jicho lake, kama la binti yake, lilikuwa limeuzoea mchoro ule hadi likaijaza nne lenyewe.

*

Siku aliyoitwa ofisini peke yake alirudi nyumbani mapema, akavua viatu nje, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, na kwenda moja kwa moja jikoni. Mkewe alisikia maji yakimwagwa kwenye beseni, kisha kitambaa kikisuguliwa kwenye mbao. Alipoinuka kuchungulia, alimkuta mumewe anaufuta mlango. Hakuwa anafuta swali moja ili aandike jingine. Alikuwa anauosha mlango mzima, juu hadi chini, hata pembeni mwa bawaba ambako chaki haijawahi kufika.

"Kuna mgeni?" akamuuliza.

"Mwanao amenitia aibu," akasema bila kugeuka.

Akamweleza. Mtihani umeonekana kuwa ulivuja, na mwenye jibu lisiloweza kujulikana ni binti yao. Mwalimu Mkuu amesema wazi kwamba kama mwalimu ndiye aliyelivujisha swali, mwalimu huyo hana kazi, na asiye na kazi hana nyumba. Kesho asubuhi anatakiwa yeye na mtoto. Na ukweli ni kwamba binti lazima alifungua mkoba wa baba yake yale maswali yakiwa humo, akayasoma.

Mkewe akatazama mlango uliolowa. Akasema kwamba wao wawili walikuwa hapo kila siku na chaki yao, je, hilo halikuwa mojawapo? Mumewe akajibu kwamba amechora mamia ya vitu pale, lakini hilo hakulichora. Alilisema kwa ile sauti yake ya darasani, iliyonyooka, na mke akajikuta hana la kushika. Angebisha kwa kipi? Angesema lilikuwa na duara? Yote yalikuwa na maduara. Mwanamke anayeweza kutazama goti la suruali na kukwambia ni fundi gani aliyelishona, hapa hakuwa na macho.

"Yeye mwenyewe anasemaje?" akauliza.

"Hajaulizwa. Na wewe usimuulize, utamtisha. Niachie mimi."

Binti aliporudi kutoka bombani na ndoo yake, alikuta mlango umeng'aa, akadhani baba anataka nafasi ya mchoro mkubwa. Akafurahi. Baba akamketisha, akamwambia kuna utata kidogo kuhusu swali la nne, kwamba wataitwa, na kwamba akiulizwa ajibu kwa kifupi na kwa adabu, mengine amwachie. Binti akamuuliza kama ameharibu kitu. Baba akamshika bega, akamwambia hapana, mimi si nipo? Na binti, kwa kuwa baba yupo, alilala usingizi mzito hadi asubuhi.

*

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa na viti vinne, lakini binti hakuambiwa aketi. Alisimama kwenye kipande cha zulia karibu na mlango, akiwa amevaa sare mpya ambayo mama yake aliimaliza alfajiri ile, na mikono ameikunja mgongoni. Mwalimu Mkuu alikuwa nyuma ya meza. Mwalimu wa taaluma alikaa pembeni na ile karatasi mapajani. Baba yake alikuwa ameshaingia kabla yake, na alikuwa anatazama ncha za viatu vyake.

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mkali. Alianza kwa kusema kwamba kosa la mtoto ni kosa la mtoto, linasahihishika, kinachoudhi ni uongo juu ya kosa. Kisha akasema baba yake ameshawaeleza kila kitu.

Binti akaitikia vizuri. Alidhani kila kitu ni kila kitu.

"Basi tuambie mwenyewe," akaendelea Mwalimu Mkuu. "Mkoba wa baba yako uliufungua lini?"

Binti akamtazama baba yake, akingoja acheke, au akohoe, au afanye chochote. Baba akaendelea kutazama viatu vyake.

"Sikufungua mkoba," akasema. "Baba alinichorea mlangoni. Jikoni. Tulilifanya pamoja."

Mwalimu wa taaluma akamgeukia baba, na uso wake ulikuwa na tumaini, maana alimpenda mtoto yule na angependa kuamini kitu kingine. Mwalimu Kompasi akainua kichwa. Akasema kwa upole kwamba anasikitika, kwamba yeye ndiye aliyemlea na anamjua, mtoto akibanwa husema lolote lililo karibu na mdomo.

"Mama yake yupo," akasema binti. Alikusudia kusema mama yangu, maneno yakamponyoka. "Aliona. Baba alimwita aje aone."

"Mama yake ni fundi cherehani," akasema baba. "Hawezi kutofautisha swali na swali. Tusimsumbue."

Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu ilimuuma binti kuliko uongo.

Mwalimu wa taaluma akaomba kusema. Akasema hapo kuna maneno mawili, la baba na la mtoto, na yeye asingependa kulala na jambo hili moyoni. Kama mtoto anasema kweli, kwamba swali lile alilifanya kwa akili yake, basi linalofanana nalo hawezi kushindwa. Na kama alinakili jibu tu, atakwama. Ubao huu hapa. Mwalimu achore jingine la namna ileile, sasa hivi, mtoto alifanye mbele yao. Mwalimu Mkuu aliona ni haki. Walimu wote wawili walikuwa wa masomo ya kusoma na kueleza, na hesabu katika chumba kile ilikuwa na mwenyewe mmoja tu.

Binti akapumua. Kwa mara ya kwanza tangu aingie mabega yake yalishuka, kwa sababu alielewa, au alidhani ameelewa. Baba alikuwa amebanwa, amesema alichosema kwa hofu, na sasa amepewa njia ya kumtoa. Maswali yalikuwepo mamia. Achore lolote, achore hata lile la kwanza kabisa, lile la duara na ngazi ambalo alilipata akiwa bado anasimama juu ya kigoda kuosha vyombo.

Mwalimu Kompasi akaenda ubaoni. Mkono wake haukutetemeka. Mkono wa mwalimu huwa na akili zake. Akachora mraba kwa mistari minne safi. Akachora duara ndani yake kwa mzungusho mmoja bila kompasi, likagusa pande zote nne, hata Mwalimu Mkuu akaguna kwa kupendezwa. Akachora mstatili kwenye kona. Kando ya upande mfupi akaandika tatu. Kisha akaupeleka mkono kando ya upande mrefu, chaki ikasimama hewani pale, karibu sana na ubao. Alikaa hivyo kwa muda ambao mtu angeweza kumeza mate. Akaishusha chaki na kuiweka kwenye kibao chake.

"Tafuta nusu kipenyo," akasema.

Binti akasubiri. Akaona hajamalizia. "Upande mrefu ni ngapi?"

"Vipimo ni hivyo."

Akasogea ubaoni. Kwanza alijilaumu mwenyewe. Alidhani ipo njia asiyoiona, kama ile pembetatu iliyokuwa imejificha, na kwamba baba asingeweza kuchora kitu ambacho hakina mwisho. Akachora mstari kutoka kitovu. Akaandika alichoweza kuandika, akafuta, akaandika upande mwingine. Nyuma yake kiti kililia. Jasho lilimtoka kwenye kola ya sare mpya. Alijaribu tena kuanzia juu, na alipofika mahali palepale akasimama, na hapo akajua. Hakugeuka mara moja. Alibaki ameutazama ubao, kwa sababu akigeuka angemwona baba yake, na asingeweza tena kumwona kama alivyokuwa dakika chache zilizopita.

"Halina jibu," akasema. "Duara linaweza kuwa dogo, linaweza kuwa kubwa. Yote yanakaa."

Mwalimu Mkuu akamgeukia mwenye hesabu yake. "Eti mwalimu, lina jibu?"

"Lina jibu," akasema Mwalimu Kompasi.

Mwalimu Mkuu akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Akamwonyesha binti karatasi ya mtihani. "Siku ile pia upande huu haukuwepo, na jibu ulilipata. Leo limekushinda?"

Mtu mzima angejibu. Angesema ndiyo hasa, ndilo ninalowaambia. Lakini binti alikuwa na miaka yake ya utoto, na aliyekuwa akimfundisha namna ya kujibu alikuwa amekaa upande wa pili. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukaandikwa kuwa ni kukiri.

Hukumu ilitolewa kwa upole mwingi. Jina lake litaondolewa kwenye mchujo, nafasi itakwenda kwa anayemfuata. Hatafukuzwa shule, kwa heshima ya baba yake, ambaye amesema kweli ingawa kweli hiyo imemgusa damu yake mwenyewe. Si wazazi wengi wanaoweza. Mwalimu wa taaluma alikuwa amekunja karatasi ile mara mbili na bado anaikunja.

"Mwombe baba yako radhi," akasema Mwalimu Mkuu.

Binti akainamisha kichwa. "Samahani, baba."

"Nimekusamehe," akasema baba yake.

*

Alirudi nyumbani peke yake, kwa sababu baba alikuwa na kipindi. Mama hakuwa ameshona hata mshono mmoja tangu asubuhi. Alikuwa amekaa mbele ya cherehani na mguu umelala juu ya pedali. Alipomwona mwanawe alisimama, akamtazama usoni, na hakuuliza imekuwaje.

"Ulifungua mkoba?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Baba yako anasema ulifungua."

Binti akamsimulia. Hakulia, na hilo ndilo lililomtisha mama, maana huyu alikuwa mtoto wa kulia hata akichomwa na sindano ya mshono. Alisimulia kuanzia zulia hadi samahani. Mama alisikiliza hadi mwisho, akajishika kiuno, akatembea hadi dirishani na kurudi. Kuna wakati mtu hutamani angepigwa kofi badala ya kuambiwa achague. Akasema anataka kumwamini mwanawe, Mungu anajua, lakini baba amesema swali la ubaoni lilikuwa na jibu, na baba ndiye mwalimu, na yeye atasema nini, yeye ambaye shule aliiacha kwenye kujumlisha?

"Nikikuonyesha utaona," akasema binti.

"Nitaonaje kitu nisichokijua?"

Binti akaivuta droo ya meza ya cherehani, akaitoa nje kabisa, akamwaga vifungo na nyuzi mezani. Akaenda jikoni akarudi na sahani na kisosi. Akachukua kipande cha karatasi ngumu ambacho mama alikitumia kukatia mifuko ya mashati, akakata ukanda wa upana wa vidole viwili.

"Hii droo ndiyo mraba," akasema. "Tazama kona hii. Naweka sahani, inagusa ukuta huu na ukuta huu. Sahani ndiyo duara." Akaulaza ule ukanda konani, umeegemea ukuta mmoja, akausogeza kuelekea kwenye sahani, na pale ncha yake ilipoigusa sahani akaweka alama akakata. "Huo ni mstatili wetu. Upana wake vidole viwili. Umekaa?"

Mama akainama. Alipitisha kucha pale ncha ilipokutana na sahani, kama anavyokagua mshono. "Umekaa," akasema.

Binti akaitoa sahani, akaweka kisosi kwenye kona ileile. Akakata ukanda mwingine, upana uleule, vidole viwili. Safari hii ulitoka mfupi zaidi. Akaulaza. "Na huu?"

Mama akapitisha kucha tena. Akachukua kipande cha kwanza na cha pili, akaviweka kimoja juu ya kingine. Upana ulikuwa sawa, urefu mbalimbali. Hapo hapakuwa na hesabu tena; hapo palikuwa na kitambaa na kipimo, vitu alivyovifanya maisha yake yote.

"Baba alinipa upana tu," akasema binti. "Akaniuliza duara ni la ukubwa gani. Ningejuaje kama ni sahani au kisosi?"

Mama alikuwa ameshika vile vipande viwili mkononi. Mteja akimletea kiuno bila urefu na kumwambia shona suruali, angemcheka. Na kama mteja huyo angekuwa fundi mwenzake, aliyeshika futi maisha yake yote, asingecheka, angejua amekuja kumharibia. Alimwona mumewe amesimama ubaoni. Alimwona akiliweka duara zuri, mbele ya watu, na kumwacha mtoto wake alizunguke. Uso ukambadilika. Akapiga hatua tatu hadi mlango wa mbele, akavaa viatu, akashika kitasa.

"Twende," akasema. "Chukua droo. Mwalimu Mkuu naye ana macho."

Binti akaikumbatia droo na sahani ndani yake. Kitu kilimrudia usoni, kitu ambacho kilikuwa kimeondoka tangu asubuhi.

Lakini mama hakufungua mlango. Alikuwa ameshika kitasa na anatazama chumba. Alitazama cherehani. Alitazama rundo la sare, vipande vya mikono vimefungwa pamoja, kola zimefungwa pamoja, kazi ya shule, inayotoka shuleni na kurudi shuleni. Alitazama kuta ambazo hazikuwa zao, na dari ambayo haikuwa yao, na dirisha ambalo nje yake watoto wa watu walikuwa wanacheza mpira. Binti akamwona akitazama hivyo, na kwa kuwa alikuwa mwepesi wa akili, alijua hesabu inaelekea wapi kabla mama hajaimaliza.

"Mama," akasema. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

"Basi twende."

Mama akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, akavipanga kando ya ukuta. Akarudi mezani, akampokea droo mikononi, akatoa sahani, akatoa kisosi. Vile vipande vya karatasi alivikunja, akavikunja tena, akavitia mfukoni mwa gauni lake. Kutoka upande wa karakana walisikia kengele ya kumaliza vipindi, na baada yake kelele za wanafunzi wanaotoka.

"Tungekwenda wapi, mwanangu?" akasema, akiwa amempa mgongo. "Niambie wewe mwenye akili, sisi watatu tungekwenda wapi?"

Binti hakuwa na jibu, na safari hii hakuna aliyemwambia lipo.

Mama akaanza kuvirudisha vifungo ndani ya droo kwa viganja, vingine vikamponyoka na kukimbilia chini ya meza. Nje zilisikika hatua, na sauti ya Mwalimu Kompasi ikiitikia salamu za wanafunzi. Mama akainama karibu na sikio la mwanawe.

"Baba yako akiingia," akanong'ona, "asijue kama umenionyesha."

Binti akapiga magoti chini ya meza na kumsaidia kuokota vifungo.